Ushuhuda wa darasani kuhusu LGBT

Ushuhuda wa darasani kuhusu LGBT ni utaratibu ambao watu wa kujitolea hualikwa na shule kuwasimulia wanafunzi habari za maisha yao na kujibu maswali, kwa lengo la kupunguza uonevu. Wengi wa wajitoleaji hao ni wasagaji, mashoga, watu wanaovutiwa na jinsia zote mbili au watu waliobadili jinsia. Herufi LGBT ni kifupisho cha Kiingereza kinachotaja makundi hayo manne kwa pamoja. Wapo pia wajitoleaji wasio wa LGBT, kama vile wazazi au ndugu wa watu hao.

Utaratibu huu ulienea Amerika Kaskazini na Ulaya Magharibi kuanzia miaka ya 1970. Miongoni mwa mashirika yanayojulikana kwa kazi hiyo ni GRIS-Montréal nchini Kanada, COC nchini Uholanzi, SchLAu nchini Ujerumani, pamoja na Diversity Role Models na Just Like Us nchini Uingereza. Kwa kawaida ziara moja hudumu kwa kipindi kimoja au viwili vya masomo. Haichukui nafasi ya somo lolote. Huwa ni nyongeza katika elimu ya uraia, malezi au mahusiano.

Tatizo linalokusudiwa

Wanafunzi huonewa na wenzao kwa sababu nyingi, zikiwemo umaskini, ulemavu, dini, rangi na umbo la mwili. Uonevu unaohusu mwelekeo wa kimapenzi au utambulisho wa kijinsia una mambo yake ya pekee.

Kwanza, mwanafunzi anayetukanwa kwa sababu ya rangi au dini yake kwa kawaida hurudi nyumbani kwa wazazi wa rangi au dini ileile, na huweza kupata faraja kwao. Mwanafunzi wa LGBT mara nyingi hana mtu nyumbani anayejua habari zake. Akitaka kushtaki kwamba ameonewa, hulazimika kueleza sababu, na kwa kufanya hivyo hujifichua. Kwa hiyo wengi hunyamaza.

Pili, uonevu huo huwapata hata wasiohusika. Mvulana mpole asiyependa michezo ya nguvu, msichana mwenye nywele fupi, au mwanafunzi ambaye mama zake wawili wanaishi pamoja, wote huweza kuitwa majina na kupigwa, bila mtu yeyote kujua mwelekeo wao.

Tatu, uonevu huo hupita katika lugha ya kila siku. Katika shule nyingi zinazotumia Kiingereza, neno lenye maana ya shoga hutumika kuelezea kitu chochote kibovu: kiatu kisichopendeza, mtihani mgumu, utani usiochekesha. Wanaolitumia huenda hawana nia ya kumwumiza mtu, lakini mwanafunzi anayelisikia mara kumi kwa siku huelewa kwamba jina lake ni jina la ubovu. Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kulinganisha na historia ya neno shoga lenyewe. Katika pwani ya Afrika Mashariki wanawake walilitumia, na bado hulitumia, kumwita rafiki mwanamke, kabla ya kuenea kama tusi kwa wanaume.

Nchini Uingereza, shirika la Stonewall lilichapisha ripoti tatu kuhusu shule, mwaka 2007, 2012 na 2017. Wanafunzi waliosema wamewahi kuonewa kwa sababu ya mwelekeo wao walikuwa asilimia 65 katika ripoti ya kwanza na asilimia 55 katika ya pili. Katika ripoti ya tatu, iliyojumuisha pia wanafunzi waliobadili jinsia, walikuwa asilimia 45. Idadi ilipungua, lakini ripoti ya 2017 ilionyesha pia kwamba karibu nusu ya walioonewa hawakumwambia mtu yeyote. Katika ripoti hiyohiyo, mmoja kati ya watano wa wanafunzi mashoga, wasagaji na wanaovutiwa na jinsia zote mbili alisema amewahi kujaribu kujiua. Kwa waliobadili jinsia, waliosema hivyo walikuwa zaidi ya wawili kati ya watano.

Historia

Marekani

Baada ya ghasia za Stonewall mjini New York mwaka 1969, vikundi vya kutetea haki za mashoga na wasagaji viliongezeka haraka. Baadhi yake vilianzisha ofisi za wazungumzaji, yaani orodha ya watu waliokubali kwenda popote watakapoalikwa, iwe chuoni, kanisani, shuleni au katika mafunzo ya polisi, ili kujieleza. Mojawapo ya ofisi hizo ilianzishwa mjini Boston mwaka 1972, na baadaye ikajulikana kwa jina la SpeakOUT. Wakati huo watu wengi waliamini hawamjui shoga wala msagaji hata mmoja. Kumwona mtu wa kawaida amesimama mbele yao, akiwa na kazi, wazazi na madeni kama wao, lilikuwa jambo geni.

Kuingia shuleni kulikuwa kugumu zaidi kuliko kuingia vyuoni. Mwaka 1978 wapiga kura wa California waliulizwa kama shule za umma ziruhusiwe kuwafukuza walimu mashoga na wasagaji pamoja na walimu waliowaunga mkono. Pendekezo hilo, lililojulikana kama Pendekezo la 6, lilikataliwa tarehe 7 Novemba mwaka huo. Mwanasiasa Harvey Milk wa San Francisco alikuwa miongoni mwa walioongoza kampeni ya kulipinga. Ushauri wake mkuu kwa mashoga na wasagaji ulikuwa wajitambulishe waziwazi kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzao. Aliona kwamba mtu akishamjua anayemzungumzia, huona vigumu kumpigia kura ya kumdhuru.

Mwaka 1984 mwalimu Virginia Uribe wa shule ya sekondari ya Fairfax mjini Los Angeles alianzisha mpango uitwao Project 10 baada ya mwanafunzi mmoja shoga kuacha shule kwa sababu ya kuonewa. Mpango huo ulitoa ushauri na mahali pa kukutana ndani ya shule yenyewe. Mwaka 1990 walimu wa eneo la Boston, wakiongozwa na mwalimu wa historia Kevin Jennings, waliunda chama kilichokuja kuwa GLSEN, shirika la kitaifa la Marekani linaloshughulikia usalama wa wanafunzi wa LGBT. Mwishoni mwa 1993 jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria ya kuwalinda wanafunzi mashoga na wasagaji dhidi ya ubaguzi katika shule za umma.

Kesi iliyobadilisha msimamo wa shule nyingi ilikuwa ya Jamie Nabozny, kijana wa Ashland, Wisconsin. Kwa miaka kadhaa alitukanwa, alikojolewa na kupigwa na wanafunzi wenzake. Safari moja alipigwa mateke ya tumbo hadi akahitaji upasuaji. Alipolalamika kwa viongozi wa shule hakupata ulinzi. Mwaka 1996 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba viongozi wa shule wanaweza kushtakiwa kwa kutomlinda kama walivyowalinda wanafunzi wengine, na kesi ikamalizika kwa malipo ya karibu dola 900,000. Baadaye Nabozny mwenyewe alikuwa akienda shuleni kusimulia yaliyompata, na mwaka 2010 habari zake zilitengenezewa filamu ya mafunzo kwa ajili ya shule.

Uingereza

Nchini Uingereza ziara za aina hii zilicheleweshwa na sheria. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1988 kilizikataza halmashauri kukuza ushoga, au kukuza mafundisho ya shule yanayouonyesha kuwa namna ya familia inayokubalika. Kifungu hicho kilianza kutumika tarehe 24 Mei 1988. Hakuna halmashauri iliyotiwa hatiani kwa kukivunja, lakini athari yake ilikuwa kubwa. Walimu wengi hawakujua mpaka uko wapi, hivyo walichagua kutosema lolote. Wengine waliogopa hata kuingilia mwanafunzi anapotukanwa, wakihofia kuonekana wanakuza kilichokatazwa.

Kifungu hicho kilifutwa Scotland mwaka 2000, na Uingereza na Wales mwezi Novemba 2003. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ilitaja mwelekeo wa kimapenzi na kubadili jinsia miongoni mwa sifa zinazolindwa, na ikazitaka taasisi za umma, zikiwemo shule, zichukue hatua za kuondoa ubaguzi. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa mashirika ya wajitoleaji. Diversity Role Models ilianzishwa mwaka 2011 na Suran Dickson, aliyekuwa mwalimu. Just Like Us ilianzishwa mwaka 2016, na wazungumzaji wake ni vijana wa miaka 18 hadi 25, yaani watu waliotoka shule karibuni na wanaokumbuka vizuri hali ilivyokuwa.

Katika Scotland kampeni iitwayo TIE, iliyoanza mwaka 2015, ilidai elimu kuhusu LGBT iwe sehemu ya mtaala. Mwezi Novemba 2018 serikali ya Scotland ilikubali mapendekezo hayo kwa shule zote za umma.

Québec

Mkoa wa Québec nchini Kanada uliingiza mwelekeo wa kimapenzi katika hati yake ya haki za binadamu mwaka 1977, mapema kuliko mikoa mingine ya nchi hiyo. GRIS-Montréal ilianzishwa mwaka 1994. Jina lake la Kifaransa linaunganisha mambo mawili, yaani utafiti na kazi katika jamii, na kweli mambo hayo mawili huenda pamoja katika kila ziara yake. Wajitoleaji huzungumza na wanafunzi, kisha madodoso yanayojazwa na wanafunzi hukusanywa na kuchambuliwa. Mwanzoni wazungumzaji walikuwa mashoga na wasagaji. Baadaye waliongezwa watu wanaovutiwa na jinsia zote mbili na waliobadili jinsia. Mashirika mengine yenye jina la GRIS yalianzishwa katika sehemu nyingine za mkoa.

Nchi nyingine

Nchini Uholanzi, chama cha COC kilichoanzishwa Amsterdam mwaka 1946 kina vikundi vya wajitoleaji wanaotembelea shule katika mikoa mbalimbali. Tangu Desemba 2012 shule za nchi hiyo zina wajibu wa kisheria wa kufundisha heshima kwa watu wa mielekeo tofauti ya kimapenzi, na shule nyingi hutimiza sehemu ya wajibu huo kwa kuwaalika wajitoleaji. Nchini Ujerumani, vikundi vya SchLAu hufanya kazi kama hiyo, na vina mtandao mkubwa katika jimbo la Nordrhein-Westfalen. Nchini Hungaria, chama cha wasagaji cha Labrisz kilianzisha mpango wa ziara za shule mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Jinsi kipindi kinavyoendeshwa

Taratibu hutofautiana kati ya shirika na shirika, lakini mfano wa jumla unafanana.

Maandalizi

Mjitoleaji hapelekwi darasani siku anayojiandikisha. Kwanza hufundishwa namna ya kusimulia kwa ufupi, namna ya kujibu maswali makali bila hasira, na sheria za ulinzi wa watoto. Kisha hukaa nyuma ya darasa na kuwatazama wazoefu. Katika nchi kama Uingereza, mashirika pia huchunguza rekodi za jinai za mtu yeyote atakayefanya kazi na watoto.

Mwalimu naye huandaa darasa. Huwaeleza wanafunzi mapema nani atakuja na kwa nini, na mara nyingi huwapa karatasi waandike maswali bila majina. Maswali yasiyo na majina husaidia sana, maana mwanafunzi anayetaka kujua jambo kwa ajili yake mwenyewe anaweza kuuliza bila kutazamwa na darasa zima.

Masimulizi

Wazungumzaji kwa kawaida huenda wawili. GRIS-Montréal, kwa mfano, hupendelea kumtuma mwanamume na mwanamke pamoja, ili wanafunzi wasidhani kwamba habari ya mtu mmoja ni habari ya wote. Kipindi huanza kwa kukubaliana masharti machache: kusikilizana, kutomtaja mtu asiyekuwepo, na haki ya kila mtu, mgeni na mwanafunzi, kukataa kujibu. Kisha kila mzungumzaji husimulia kwa dakika chache alivyokua, alipotambua hali yake, nani alimwambia kwanza, shule ilikuwaje kwake, na anaishije sasa.

Mzungumzaji husema kwa nafsi ya kwanza. Haruhusiwi kusema mashoga wote wanaona hivi au wasagaji wote wanataka vile. Akiulizwa kuhusu takwimu au sheria asizozijua, humwelekeza mwalimu. Msingi wa kanuni hii ni kwamba maoni yanaweza kubishiwa, lakini ni vigumu kumbishia mtu kuhusu kilichompata yeye mwenyewe.

Maswali

Sehemu kubwa ya muda hutumika kwa maswali. Yale yanayorudiwa zaidi ni ya kawaida kabisa: Ulijuaje? Wazazi wako walisema nini? Uliwahi kuonewa? Je, ungependa kuwa na watoto? Je, unamwamini Mungu? Ungeweza kuchagua, ungechagua nini?

Swali la dini hujibiwa na kila mzungumzaji kwa upande wake. Wapo wanaoendelea kusali katika dini waliyolelewa, wapo waliobadili dhehebu, na wapo walioacha dini. Wazungumzaji hufundishwa wasiibeze imani ya mwanafunzi wala wasishindane naye kwa aya za vitabu vitakatifu. Hoja wanayosisitiza ni kwamba mtu anaweza kuwa na imani yake juu ya jambo fulani na bado akakubali kwamba mwenzake hastahili kupigwa wala kutukanwa.

Mambo yasiyozungumzwa

Mazungumzo haya si somo la elimu ya uzazi. Wazungumzaji hawaelezi tendo la ndoa, na swali la aina hiyo hukataliwa kwa upole au huachiwa mwalimu wa somo husika. Hawafanyi kampeni ya chama cha siasa. Pia hawamwombi mwanafunzi yeyote ajitambulishe, kwa sababu ziara huisha baada ya saa moja lakini mwanafunzi hubaki na wenzake mwaka mzima.

Mwalimu hubaki darasani muda wote. Kuwepo kwake hulinda nidhamu. Pia huwaonyesha wanafunzi kwamba shule yenyewe inaunga mkono kinachosemwa. Mwishoni wanafunzi huelezwa wapi wanaweza kupata msaada, kama vile mwalimu mshauri, muuguzi wa shule au simu ya msaada kwa watoto.

Msingi wa kinadharia

Ushuhuda wa darasani hutegemea wazo linalojulikana katika saikolojia ya jamii kama nadharia ya makutano. Mwanasaikolojia wa Marekani Gordon Allport aliieleza mwaka 1954 katika kitabu chake kuhusu asili ya chuki za kudhania. Kwa maoni yake, watu wa makundi mawili wakikutana, chuki hupungua iwapo masharti manne yatatimizwa: wawe na hadhi sawa katika makutano hayo, wawe na lengo la pamoja, washirikiane, na waungwe mkono na wenye mamlaka au desturi za mahali hapo.

Mwaka 2006 Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 515 juu ya nadharia hiyo. Waligundua kwamba kwa jumla makutano hupunguza chuki, na kwamba masharti ya Allport huongeza nguvu ya matokeo ingawa si lazima yatimizwe yote. Uchambuzi huo ulihusu pia makundi ambayo Allport hakuyafikiria sana, yakiwemo ya mashoga na wasagaji.

Ziara ya darasani hutimiza baadhi tu ya masharti hayo. Kibali cha mwalimu mkuu na kuwepo kwa mwalimu hutoa uungaji mkono wa mamlaka. Hata hivyo, saa moja ya kusikiliza haina ushirikiano wa kweli, na mgeni mtu mzima hana hadhi moja na mwanafunzi wa miaka 14. Hii ndiyo sababu mojawapo ya mashirika kama Just Like Us kutumia vijana waliokaribiana kwa umri na wasikilizaji.

Matokeo

Kipimo kinachotumika zaidi ni dodoso la kabla na baada. GRIS-Montréal huwauliza wanafunzi jinsi wangejisikia katika hali mbalimbali, kwa mfano wakigundua kwamba rafiki yao wa karibu ni shoga au msagaji, kisha huwauliza tena baada ya mazungumzo. Kwa miaka mingi madodoso hayo yameonyesha kwamba wanafunzi husema wanajisikia vizuri zaidi baada ya ziara kuliko kabla yake. Wavulana kwa wastani huanza wakiwa na shaka kubwa kuliko wasichana.

Kuna tahadhari tatu katika kusoma matokeo hayo. Mwanafunzi anayejaza dodoso mgeni akiwa bado mbele yake anaweza kujibu kwa adabu. Pili, kujisikia vizuri si sawa na kuacha kumwonea mtu. La kwanza hupimwa kwa karatasi, la pili hupimwa uwanjani, kwenye basi na katika simu. Tatu, athari ya saa moja hufifia isipoendelezwa.

Madodoso hayo yamekuwa pia kipimo cha hali ya jamii kwa jumla, kwa kuwa sehemu ya kwanza hujazwa kabla mgeni hajasema neno. Mwanzoni mwa 2025 GRIS-Montréal ilitangaza uchambuzi wa makumi ya maelfu ya madodoso yaliyojazwa tangu mwaka 2017. Ulionyesha kwamba vijana waliosema wangesumbuka kuwa na rafiki shoga au msagaji wameongezeka sana katika kipindi hicho. Kwa hiyo upungufu wa chuki katika kizazi kimoja si dhamana kwa kizazi kinachofuata. Kila mwaka wanafunzi wapya huingia darasani, na kazi huanza upya.

Ukosoaji na upinzani

Upinzani hutoka pande mbili. Upande mmoja ni wa wazazi na viongozi wa dini wanaoona kwamba mambo haya ni ya nyumbani, au kwamba shule inapingana na imani ya familia. Mwaka 2019 mjini Birmingham, Uingereza, wazazi, wengi wao Waislamu, waliandamana nje ya shule za msingi za Parkfield na Anderton Park kupinga masomo yaliyotaja familia za wapenzi wa jinsia moja. Masomo hayo yalitolewa na walimu wenyewe wala hayakuwa ziara za wajitoleaji, lakini mgogoro huo uliathiri mijadala yote ya aina hii. Mwezi Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ilikataza maandamano kufanyika karibu na Anderton Park. Katika shule nyingine mabishano yalipungua wazazi walipoitwa mapema, wakaonyeshwa kitakachosemwa na kupewa nafasi ya kuuliza.

Upande wa pili ni wa watafiti na wanaharakati wanaounga mkono lengo lakini wana mashaka na njia. Wanasema mashirika huelekea kuwachagua wazungumzaji wanaopendeza: wenye kazi nzuri, wachangamfu, waliokubaliwa na wazazi. Mwanafunzi aliyefukuzwa nyumbani huenda asijione katika habari hiyo. Wengine wanaona kwamba kumleta mgeni maalumu kunaweza kuwafanya watu wa LGBT waonekane kama kitu cha kutazamwa, ilhali wamo tayari miongoni mwa wanafunzi na walimu. Upo pia mzigo kwa wajitoleaji wenyewe, ambao hurudia habari za maumivu yao mara nyingi na kuulizwa maswali ambayo mtu mwingine haulizwi hadharani.

Tatizo jingine ni la kijiografia. Wajitoleaji wengi huishi mijini, na shule za vijijini, ambako mwanafunzi wa LGBT huwa mpweke zaidi, hutembelewa mara chache. Mashirika mengi hutegemea ruzuku za serikali na michango, na bajeti zikikatwa ziara hukoma.

Sheria

Uwezekano wa ziara hizi hutegemea sheria ya nchi. Katika Québec, sheria iliyopitishwa mwaka 2012 inaitaka kila shule iwe na mpango wa kuzuia uonevu na ukatili, na mashirika ya wajitoleaji huitwa kuwa sehemu ya mipango hiyo. Katika Uingereza, elimu ya mahusiano ilifanywa ya lazima kuanzia Septemba 2020.

Nchi nyingine zimeelekea upande mwingine. Urusi ilipitisha mwaka 2013 sheria inayokataza kile ilichokiita propaganda ya ushoga kwa watoto, na mwaka 2022 ikaipanua hadi kwa watu wa umri wote. Hungaria ilipitisha mwaka 2021 sheria inayokataza kuwaonyesha walio chini ya miaka 18 mambo yanayokuza ushoga au kubadili jinsia, na inayoruhusu mashirika yaliyoorodheshwa na serikali pekee kutoa vipindi vya aina hiyo shuleni. Sheria hiyo ilizifungia milango ziara kama zile za Labrisz. Mwaka 2022 Tume ya Ulaya iliipeleka Hungaria katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kwa sababu ya sheria hiyo.

Katika Afrika Mashariki, sheria za adhabu za Kenya, Tanzania na Uganda zina vifungu vilivyorithiwa kutoka utawala wa Waingereza vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja. Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuvifuta vifungu hivyo tarehe 24 Mei 2019. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 iliongeza kosa la kukuza ushoga, ambalo adhabu yake hufikia kifungo cha miaka 20. Kwa hiyo ushuhuda wa darasani kama ulivyoelezwa hapa hauwezi kufanyika nchini Uganda bila mzungumzaji na shule kujiweka hatarini.

Nafasi ya shule baada ya ziara

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2016 kuhusu ukatili wa aina hii mashuleni ilisisitiza kwamba hatua moja haitoshi. Panahitajika kanuni za shule zinazotaja uonevu huo kwa jina, mtaala unaofaa, mafunzo ya walimu, msaada kwa mwanafunzi aliyeonewa, na ukusanyaji wa taarifa.

Mashirika ya wajitoleaji kwa jumla yanakubaliana na hoja hiyo, na mengi yameongeza mafunzo ya walimu kando ya ziara za wanafunzi. Mgeni anaweza kulifanya darasa lisikilize kwa saa moja. Hawezi kuwepo siku inayofuata mwanafunzi anapotukanwa ukumbini. Siku hiyo mtu anayetazamwa na wanafunzi wote, yule anayetukana, anayetukanwa na wanaoshuhudia, ni mwalimu aliye karibu. Akipita kimya, ushuhuda wa jana hupoteza nguvu. Akisimama na kukemea, kama ambavyo angekemea tusi la rangi au la dini, mwanafunzi aliyekuwa akinyamaza hujua kwamba yupo mtu wa kumwambia.